Kwa Nini Mtu Asiyeumwa Akubali Sindano?

 

Leo tunasoma historia, lakini hatutaanza na kitabu. Anza na mkono wako. Kunja mkono wa shati, au shusha khanga kidogo, utazame karibu na bega. Wengi wenu mtaona kovu dogo la mviringo. Kwa mzee aliyezaliwa kabla ya miaka ya 1970, kovu hilo huenda ni la chanjo ya ndui. Kwa kijana, ni la chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto hupewa mara anapozaliwa. Kovu hilo ni kama maandishi. Linasema kwamba siku moja mtu alikubali: ama wewe mwenyewe, ama mama yako kwa niaba yako. Au pengine hapana aliyeulizwa, watu walipangwa mstari wakachanjwa kwa amri.

Sasa fikiri. Mtu anayeumwa jino hana haja ya kubembelezwa. Mwenyewe atatoka usiku kumtafuta mganga. Lakini mtu mzima wa afya, aliyetoka sasa hivi kupalilia migomba yake, kwa nini akubali kuchomwa? Na kwa nini jirani yake akatae, hali wote wawili wamesikia habari zile zile? Hilo ndilo swali letu. Sababu ni nyingi, na tutazipitia. Lakini mimi naona moja huzitangulia nyingine: mtu hutazama mkono ulioshika sindano kabla hajaitazama sindano yenyewe.

Tuanze na neno. Kuchanja ni kukata. Tunachanja kuni, na waganga wetu tangu kale waliwachanja watu chale wakapaka dawa katika damu. Kwa hiyo dawa ya ndui ilipokuja, Kiswahili hakikuhitaji neno jipya. Jambo la kukata ngozi kidogo na kutia dawa lilikuwa linajulikana, na katika sehemu mbalimbali za Afrika lilitumika kuzuia ndui hasa. Walichukua usaha wa mgonjwa asiyezidiwa, wakautia katika mkato wa mtu mzima wa afya, akaugua kidogo, kisha ndui haikumpata tena.

Wamarekani walijifunza habari hii kwa Mwafrika. Katika mji wa Boston alikuwako mtumwa aliyeitwa Onesimus. Alimweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao yeye mwenyewe alifanyiwa hivyo. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston, na Mather akamshawishi tabibu mmoja, Zabdiel Boylston, ajaribu. Je, watu walishangilia? Walikasirika. Mtu mmoja alitupa bomu katika nyumba ya Mather usiku. Sasa chukueni penseli, tupige hesabu. Watu waliougua ndui wenyewe mjini walikuwa 5,889, wakafa 844. Hao ni kama 14 katika kila 100. Watu waliochanjwa na Boylston walikuwa kama 240, wakafa 6. Hao ni 2 au 3 katika kila 100. Njia ile haikuwa salama kabisa, lakini ilipita ndui kwa mbali sana.

Miaka 75 baadaye, yaani 1796, tabibu Mwingereza Edward Jenner alipata njia iliyo bora. Alitumia ugonjwa wa ng'ombe unaofanana na ndui, ambao haumwui mtu. Huko nako, mwaka 1802, mchoraji James Gillray alichora picha ya mzaha ya watu waliochanjwa wakiota ng'ombe puani na mikononi. Serikali ya Uingereza ilipowalazimisha wazazi kwa sheria ya 1853, na kuwatoza faini waliokataa, upinzani ulizidi. Mwaka 1885 maelfu kwa maelfu waliandamana katika mji wa Leicester, na mwaka 1898 sheria ikabadilishwa ili mzazi ambaye dhamiri yake haikubali aweze kukataa. Nawapa habari hizi za ng'ambo kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kuogopa chanjo ni ujinga wa watu wa shamba. Waliokuwa wakiandamana Leicester walikuwa watu wa mjini, wenye magazeti na viwanda.

Sasa turudi nyumbani, tupande mlima.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kabla yao mapadri Wakatoliki walikwisha kuingia Kilema. Pamoja na dini walileta shule na dawa. Lakini katika miaka ile ile serikali ya Wajerumani iliingia na bunduki. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa huko Old Moshi, yeye na watu wengine 18. Na baada ya kuua, Wajerumani walichukua mafuvu ya watu wa nchi hii wakayapeleka Ulaya, yawekwe katika majumba ya makumbusho na kupimwa. Usidhani ni hadithi ya wazee tu. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walilinganisha mafuvu yaliyokuwa huko na vipimo vya ukoo vilivyotolewa na watu wa Tanzania walio hai, wakapata yanayolingana. Fuvu moja lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli.

Fikiri basi habari za mzee aliyekuwa kijana mwaka 1900. Serikali ile iliyotundika kamba ndiyo iliyokuwa ikituma wachanjaji wa ndui katika sehemu nyingi za koloni lake. Dawa ilikuwa ya kweli, na ndui ilikuwa ya kweli. Lakini yule mzee angewezaje kutenga mkono mmoja na mwingine? Akimkimbia mchanjaji na kujificha mgombani, je, tutasema hana akili?

Ndiyo maana mimi sicheki nikisikia habari za mumiani. Nyote mnazijua. Katika miaka ya ukoloni, kutoka pwani hata Nairobi na Kampala, ilivuma habari kwamba wako watu wa serikali wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu ili kutengeneza dawa. Wengine waliwataja askari wa zimamoto na magari yao mekundu. Hapana damu iliyonyonywa namna hiyo. Lakini tazama maneno yale yanasema nini: kwamba wakubwa wanachukua uhai wetu ili waishi wao. Mtu aliyelipishwa kodi ya kichwa na kupelekwa kazini kwa nguvu hakuona neno hilo kuwa geni. Na anayeshika sindano na chupa ya damu alitiliwa shaka kwanza kuliko wote.

Iko sababu nyingine ya kale, na hii haihusu hofu hata kidogo. Dawa yenyewe mara nyingine iliharibika. Chanjo ya ndui ya zamani ilikuwa ya majimaji, iliyotolewa katika ngozi ya ndama, nayo haikuvumilia joto. Kabla reli ya Tanga haijafika Moshi mwaka 1911, mzigo ulibebwa kwa miguu siku nyingi juani. Hata baada ya reli, kulikuwa na njia ya kupanda mlimani na ya kushuka tambarare. Dawa iliyokufa njiani huacha kovu dogo au haiachi kitu, na mtu aliyechanjwa nayo aliweza kuugua ndui kama asiyechanjwa. Jirani zake waliona kwa macho yao. Walisema, "Huyu alichanjwa, na mbona amekufa?" Katika miaka ya 1950 mwanasayansi Mwingereza Leslie Collier alitengeneza njia nzuri ya kuikausha chanjo iwe unga, ikaweza kukaa katika joto muda mrefu. Miaka ya 1960 ikaja sindano yenye meno mawili kama uma mdogo, rahisi hata mtu asiye tabibu aliweza kufundishwa kuitumia. Watu wakaanza kuona kwamba aliyechanjwa haugui.

Kuona ni jambo kubwa. Tazama habari ya buba. Buba ni ugonjwa wa vidonda vibaya vya ngozi, uliowatesa watu wengi wa Tanganyika, watoto hasa. Katika miaka ya 1920 serikali ilileta sindano za kuutibu, na vidonda vilikauka kwa siku chache. Hapakuwa na haja ya mbiu wala askari. Watu walitembea maili nyingi, wakapanga mistari mirefu, na wengine walilipa ili wachomwe. Serikali ilikuwa ile ile ya kikoloni, na sindano ilikuwa chungu. Lakini mtu alimwona mtoto wa jirani akicheza, na jana alikuwa hawezi kutembea.

Hapo ndipo chanjo inapopata taabu ambayo tiba haiipati. Tiba ikifanikiwa, kuna kitu cha kuona: kidonda kimekauka. Chanjo ikifanikiwa, hapana kinachotokea. Mtoto hakuugua surua. Nani atafanya sherehe kwa sababu ya ugonjwa usiokuja?

Wakulima wa kahawa wanisikilize hapa. Ninyi mnapiga dawa ya mrututu kabla chulebuni haijashika buni. Mkingoja muone madoa meusi, mmechelewa. Mwanzoni mkulima alisita kutoa shilingi yake kuinyunyizia miti isiyo na ugonjwa, naye aliona dawa inapotea bure. Alikubali alipoona shamba la mwenzake aliyepiga na la mwenzake asiyepiga, bega kwa bega, msimu mmoja.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 mkono ulioshika sindano ulibadilika. Mchanjaji sasa aliweza kuwa mtoto wa jirani, anayejua Kichaga na anayejua nani ni mjomba wa nani. Tanzania ilimpata mgonjwa wake wa mwisho wa ndui mwaka 1970. Mwaka 1971 hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi. Mwaka 1973 redio ilifundisha masomo ya "Mtu ni Afya" kwa vikundi vya watu wazima nchi nzima. Vikundi vile vilikaa chini ya miti kama mlivyokaa ninyi leo, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na mwaka 1975 ulianza mpango wa taifa wa kuwachanja watoto wote.

Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka. Alikuwa na miaka 23. Alifanya kazi hospitalini, na dawa ilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwake. Lakini hakuchanjwa. Aliogopa maumivu. Hapakuwa na siasa wala mumiani. Aliogopa sindano kama wengi wetu tunavyoiogopa. Oktoba 1977 alipanda gari kuwaonyesha njia watu waliokuwa wakiwapeleka watoto wawili wenye ndui. Safari ilikuwa fupi sana, na ilitosha. Akaugua, akapona. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Maalin baadaye alijitolea katika kazi ya chanjo ya polio nchini kwake, na mzazi aliyekataa alimweleza habari zake mwenyewe. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo. Nadhani wazazi walimsikia kuliko tabibu yeyote, maana hakuwaambia kwamba wao ni wajinga.

Baada ya ndui likaja jambo la ajabu: chanjo ikaanza kujipunguzia marafiki kwa kufaulu kwake. Bibi aliyezika watoto kwa surua hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa wa kwanza katika mstari. Mjukuu wake hajawahi kumwona mtoto mwenye surua kali, wala dondakoo, wala pepopunda ya kitovu. Analoliona yeye ni mtoto anayelia usiku mmoja kwa homa baada ya sindano. Polio ndivyo hivyo hivyo. Mgonjwa wetu wa mwisho wa polio ya asili alikuwa mwaka 1996. Virusi vilipoonekana Malawi mwanzoni mwa 2022, Tanzania iliwachanja tena watoto wa chini ya miaka mitano, kwanza mikoa ya mpakani na kisha nchi nzima, na mama wengi vijana waliuliza: polio ndiyo nini?

Tena kuna chanjo zinazopewa watu wa namna moja tu, na hapo uvumi hupata mlango. Mwaka 2014 nchini Kenya ilifanyika kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Maaskofu Wakatoliki wa huko walisema hadharani kwamba dawa ile imetiwa kitu cha kuzuia uzazi; serikali na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Ukweli ni kwamba mwanamke huchanjwa ili kinga imfikie mtoto tumboni, asipatwe na pepopunda wakati kitovu kinapokatwa. Lakini kama hakuelezwa hivyo, na anaona wanaume hawaitwi, na wazee hawaitwi, anaitwa yeye tu wa kuzaa, je, atafikiri nini?

Mwaka ule ule wa 2014 mkoa wetu wa Kilimanjaro ulichaguliwa kuanza chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana wa shule. Saratani hiyo ndiyo inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Hapa neno moja lilileta matata, neno "majaribio". Dawa haikuwa ikijaribiwa kwa watoto wetu. Ilikwisha pimwa na kutumika katika nchi nyingine. Kilichokuwa kikijaribiwa ni njia ya kuipeleka shuleni: nani ajulishwe, nani aandike majina, jokofu liwe wapi. Mzazi akisikia "majaribio" tu, bila maelezo hayo, ana haki ya kushtuka. Mwaka 2018 chanjo hiyo ilienea nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa mara moja tu, kwa wenye miaka 9 hata 14. Kwa nini wasichana wadogo? Kwa sababu kinga hujengwa kabla kirusi hakijaingia, na kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana. Mwalimu asiyelieleza hilo kwa heshima, mbele ya baba na mama, huacha nafasi wazi, na nafasi hiyo haikai tupu.

Sasa nitataja jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka, nami nitalisema wazi. Januari 2021, wakati wa UVIKO-19, Rais Magufuli alisema hadharani huko Chato kwamba chanjo hizo hazifai, akaionya Wizara ya Afya isizikimbilie. Alifariki Machi 17 mwaka ule. Julai 2021 dozi zaidi ya milioni moja zilifika, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote. Nchi moja, mwaka mmoja, maneno mawili yanayopingana kutoka kiti kile kile. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo hawakufika 5 katika kila Watanzania 100. Wengine walishangaa. Mimi nasema hapana cha kushangaa, kwani watu waliambiwa wasiamini, wakatii, kisha wakaambiwa waamini. Kufikia Aprili 2023 hesabu ilikuwa imefika karibu nusu. Yaliyoibadilisha ni kazi ya miguu: wahudumu walikwenda masokoni, stendi za mabasi, makanisani, misikitini na nyumba kwa nyumba, wakakaa kujibu maswali.

Mwisho niseme habari ya njia na ulimi, kwa sababu vitabu hupenda habari za uvumi na kusahau haya madogo. Mama wa kijiji cha juu anashuka mteremko wenye tope la masika, mtoto mgongoni. Anafika zahanati anaambiwa: leo si siku yake, au watoto hawajatosha kufungua chupa, rudi Alhamisi. Kupanda tena. Alhamisi ni siku ya soko, naye ana ndizi za kuuza. Huyu hakukataa chanjo, lakini katika daftari ataandikwa kuwa hakuja. Na mwingine alifika na kadi iliyochanika, au alijifungulia nyumbani, akafokewa mbele ya wenzake. Mtoto wa pili hakumleta. Ukimwuliza sababu atakwambia ana kazi nyingi. Hatakwambia kwamba aliaibishwa. Baba naye, ambaye mara nyingi ndiye mwenye nauli na ndiye anayeombwa ruhusa, hapana aliyemweleza kitu, maana kliniki huitwa mambo ya wanawake.

Sasa zimeni redio, mzungumze kwa nusu saa. Haya ndiyo maswali.

La kwanza. Yuko nani katika darasa lenu mwenye kovu la ndui? Mwulizeni alichanjwa wapi, na nani, na kama aliulizwa kabla ya kuchanjwa.

La pili. Katika kijiji chenu, mtu akisema chanjo fulani ni mbaya, watu humwendea nani kuuliza? Muuguzi, mchungaji, sheikhe, mwalimu, au shangazi? Andikeni jina la kazi yake ubaoni, mseme kwa nini yeye.

La tatu ni la akina baba. Taja chanjo tatu alizopata mtoto wako wa mwisho. Akina mama wasiwasaidie.

Katika somo lijalo tutasoma pamoja kadi ya kliniki, mstari kwa mstari. Mwenye kadi ya mtoto aje nayo, hata kama imechanika.